Lifti, Bi Mkubwa na Jani la Karatasi

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti iliyokufa. Naanzia hapo kwa sababu hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Jengo lile lina kuta, lina nguzo, lina ubao wa matangazo pale pale mlangoni. Lakini aliyetumwa kubandika alitafuta mahali pasafi, na mlango wa lifti ulikuwa safi kwa kuwa tangu Juni hakuna mkono uliougusa. Kwenye tangazo kulikuwa na picha ya familia moja inacheka chini ya mti wenye majani ya rangi ya chungwa. Tulialikwa sote, kwa Kiarabu na Kiingereza, kwenye Siku ya Wakazi ya msimu wa majani kupukutika, Jumamosi saa kumi, bustanini. Chini kabisa walituambia kwamba wakazi ni familia yao.

Majani kupukutika, Dubai! Huku Al Baraha, Deira, mti wetu ni mtende, na mtende haudondoshi jani mpaka aje mtu na panga. Misimu yetu ni miwili: joto la kuua na joto la kuvumilika. Oktoba tunatoka kwenye la kwanza tunaingia kwenye la pili, khalas, habari imekwisha. Lakini hao watu wa ofisi ya huduma za mtaa walikuwa wameona picha za Ulaya mahali, wakazitamani, na sisi tukaletewa msimu kama mtu anavyoletewa nguo isiyomtosha.

Mimi ni mlinzi. Nasimama mlangoni mwa duka kubwa la Deira saa kumi na mbili kwa siku, na tai shingoni, nikiwafungulia madam na sir ambao hawanioni. Nimetoka bara, Kenya, upande wa milimani, na mdomo huu nimetoka nao huko huko. Mamangu alikuwa akisema nitaolewa na bubu, maana mwenye sauti hatapata nafasi. Sijaolewa na bubu wala na msemaji. Nilikuja Dubai, nikapanga kitanda katika flati ya Bi Mkubwa, ghorofa ya nne.

Bi Mkubwa ndilo jina tulilomwita sote, na hapa sitamwita lingine. Alikuwa Mzanzibari wa zaidi ya miaka sabini, mjane, aliyekaa kwenye flati ile miaka mingi kuliko umri wangu. Mwanawe yuko Maskati na humpigia simu siku za sikukuu. Mkataba wa flati ulikuwa kwa jina lake, vyumba viwili na sebule, na alikuwa ameigawa kwa plaiwudi akatupangisha sisi wanawake, Wakenya, Watanzania na Mganda mmoja. Tulikuwa kumi na wanne pamoja na yeye. Anayetaka kushangaa ashangae. Nusu ya Deira inalala hivyo, na nusu nyingine inajifanya haijui.

Hakuwa mama mwenye nyumba wa kupigia watu kelele. Nilipofika mara ya kwanza sikujua shikamoo. Sisi watu wa bara tunasema habari ya asubuhi na maisha yanaendelea. Alinitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, mie si karani wa benki. Niamkie." Nikamwamkia. Tangu siku hiyo nilimwamkia kila nitokapo na kila nirudipo, hata nikiwa na hasira za kazini, na yeye huitikia "Marahaba, marahaba," kama anayenivua viatu.

Sasa, Bi Mkubwa alikuwa na dada. Dada mkubwa, yuko ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaougawa mji, Bur Dubai, kwa binti yake. Dada huyo alikuwa amepooza upande mmoja na masikio yamezibika, kwa hiyo simu haikuwa na maana kwake. Ukipiga, binti ndiye anayesema na mama anatazama ukuta. Kila Jumamosi Bi Mkubwa alikuwa akivaa buibui, anajifukiza udi, anashuka kwa lifti na mkongojo wake, anachukua teksi mpaka kituo cha abra, zile boti za kuvushia watu, anavuka. Ukimwambia teksi inaweza kupita kwenye handaki la chini ya maji ikamfikisha mlangoni, anakuuliza kama wewe ni panya wa kupita chini. Alikuwa akikaa na dadake mchana kutwa wameshikana mikono, hawasemi. Jioni anarudi amechangamka.

Juni lifti ikafa. Magoti ya Bi Mkubwa hayakuweza ngazi hata tano, sembuse ghorofa nne. Mwangalizi wa jengo, kila ukimuuliza, alikuwa na sentensi moja: "Inshallah, spea inakuja kesho." Julai ikapita na kesho yake, Agosti ikapita na kesho yake. Wakala wa mwenye jengo hakushika simu zetu. Na tukimwambia Bi Mkubwa tumbebe, sisi wanawake tuko wengi na tuna nguvu, alikataa katakata.

"Mie n'kibebwa ndo nishakufa," alisema. "Siku hiyo nibebeni mpendavyo, sitawazuia. Lakini madhali napumua, sishuki ngazi za watu juu ya mabega, milango inafunguliwa, watu wanachungulia. Nitashuka kwa miguu yangu au nitakaa."

Akakaa. Miezi minne. Binti wa dadake akapiga simu mwanzoni mwa Oktoba kusema mama amekataa chakula, anakula kidogo sana, na anatazama mlango. Bi Mkubwa alipokea habari hiyo akiwa ameketi kitandani, akaniambia nimletee maji. Alikuwa na macho makavu, na mimi niliona uchungu kiasi kwamba nilitaka kuuvunja ule mlango wa lifti kwa mateke.

Ndipo likaja tangazo. Nikalisoma tena, safari hii nikatafuta maana. Chini kidogo ya picha waliandika kwamba patakuwa na meza za msaada kwa wakazi. Nikapanda ngazi mbio nikamwambia.

"Nenda basi," alisema. "Wewe una mdomo. Kama kuna mtu wa kusema naye, mwambie nataka kwenda kwa dada'angu. Basi. Usiwatolee hutuba."

Nimelinda sherehe nyingi za namna ile, najua zinavyopikwa. Najua bisi za bure ni za saa moja ya kwanza, mpaka wapiga picha waondoke. Najua ukiona kapeti jekundu basi kuna mtu atakuja kwa dakika kumi na watu watamsubiri saa mbili. Lakini sikuwahi kuona kituko cha siku ile. Nyasi zote za bustani walizimwagia majani ya plastiki, ya njano, ya chungwa na ya kahawia. Waliweka maboga ya plastiki, wakaweka na marobota ya majani makavu, eti watu wakae wapigwe picha. Saa kumi ile jua bado linachoma utosi, na binti mmoja wa kujitolea alikuwa amejifunga skafu ya sufi shingoni, jasho linamtiririka mpaka kwenye beji. Aliniambia, "Umeona hali ya hewa ilivyobadilika?" Nikamwambia nimeona.

Kulikuwa na meza ya kupima presha, ambapo kila mtu alionekana ana presha kwa ile foleni ya juani. Kulikuwa na mtu wa kuchora watoto simba usoni. Mgeni wa heshima alikuja, akasema jamii ni moyo wa mji, akapiga picha na boga, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama mikono nyuma, miguu imeachana. Mtu mmoja akaniuliza choo kiko wapi, na sikuwa hata na sare. Nikamwonyesha, nilikuwa nimeshakiona.

Katikati ya bustani wakaweka mti wa nyaya. Mti mzima wa nyaya! Mkazi anapewa jani la karatasi, anaandika ombi lake, analitundika, na ofisi itasoma kila jani. Nikachukua mawili. La kwanza nikaandika kwa herufi kubwa kwamba lifti ya jengo letu imekufa tangu Juni, nikaweka na jina la jengo. La pili nikaandika kwa niaba ya Bi Mkubwa, kwa Kiingereza ili waelewe, neno kwa neno kama alivyosema: nataka kwenda kwa dada yangu. Yule binti wa skafu akalisoma, akashika kifua. "Ooh, hili ni zuri sana," akasema, akalipiga picha. La lifti hakulipiga picha. Aliniambia mambo ya matengenezo yako meza namba nne.

Meza namba nne alikaa kijana wa kike mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na tableti, na mbele yake vitufe vitatu vya nyuso: anayecheka, asiyejali, aliyenuna. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akaniambia lifti ni jambo la mwenye jengo, na lalamiko la mtu mmoja hurudishwa kwa mwenye jengo. Lakini likiwa jambo la wakazi wengi, hapo linakuwa la jamii, na la jamii wanalishughulikia wao. Nilete maombi yenye sahihi za wakazi.

"Sahihi ngapi?" nikamuuliza.

"Kadiri zilivyo nyingi ndivyo zitakavyokuwa na uzito," akasema, akanisogezea vitufe nimpe alama. Nikabonyeza anayecheka. Nilibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, na kwa moyo mmoja.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nilikuwa nimewacheka watu wale jioni nzima, na huku kichwani nimeshakuwa mshindi, kwa sababu kama kuna kitu ninachokijua duniani baada ya kulinda mlango, ni orodha. Nyumbani nilikuwa katibu wa chama cha akina mama miaka sita. Hakuna aliyewahi kupata kosa kwenye daftari langu. Ukienda kwa chifu wa kwetu na karatasi yenye majina mawili, anakuambia urudi ukiwa na watu. Ukienda na ukurasa umejaa, majina, simu na mahali kila mtu anapokaa, anavua kofia.

Aliyelala kitanda cha chini ya changu alikuwa Mtanzania wa Morogoro, anafanya kazi ya kupiga pasi kwenye dobi. Nilimwambia habari, akachangamka kuliko mimi. "Sasa dada, ukiandika, andika kama daftari la balozi wa nyumba kumi," akasema. "Kwetu balozi anaandika kila mtu na chumba anacholala na alianza lini. Serikali ikija haiwezi kusema haikujui. Usiwape nafasi ya kusema watu wa bandia hawa!"

Nikaona akili hiyo. Nikachukua rula. Nikapiga mistari: namba, jina, simu, chumba, tangu lini. Kwenye chumba nikaandika ukweli, maana mimi siandiki uongo: chumba cha kwanza A, chumba cha kwanza B, sebule A, sebule B, sebule C, na kadhalika mpaka stoo ya jikoni ambako alilala yule Mganda. Juu nikaandika namba ya flati. Na kwenye namba moja, kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu na jambo ni lake, nikaandika jina la Bi Mkubwa kamili, na mbele yake: mwenye flati.

Majirani wa ghorofa nyingine niliwaendea pia. Walisoma, wakarudisha. Mmoja wa ghorofa ya pili, Mhindi mwenye heshima zake, aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akanitazama mimi, akasema hapana, asante, akafunga mlango polepole. Niliporudi juu nilimsema mbele ya wote, kwamba woga wake ndio unaomfanya apande ngazi na mitungi ya maji begani.

Mganda alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Alikuwa anafanya kazi saluni, mtu mpole, haongei sana. "Hii ya kuandika chumba ni ya nini?" akauliza. "Lifti inataka kujua ninalala wapi?"

"Wewe nawe," nikamwambia, "ndiyo maana wanatukanyaga. Mtu unaogopa mpaka jina lako. Basi kaa, tutapanda lifti sisi, wewe utapita ngazi."

Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Akatia sahihi, namba kumi na nne.

Nilimpelekea Bi Mkubwa naye atie yake. Anasoma Kiarabu, herufi zetu zinamsumbua, na miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Akaniuliza, "Mmeandika nini humu?"

"Tumeandika lifti, Bi Mkubwa."

"Na lile jani, ulilitundika?"

"Nililitundika."

"Uliandikaje?"

"Kama ulivyosema. Kwenda kwa dada yangu."

"Haya," akasema. Akatia sahihi yake ya Kiarabu, nzuri, yenye mkia mrefu, pale kwenye namba moja.

Nilipiga picha karatasi, nikaituma kwa namba niliyopewa na meza namba nne. Kabla sijaweka simu chini jibu likaingia, na uso unaocheka: ombi lako limepokelewa, furaha yako ni kazi yetu. Nikamsomea kila mtu, hata waliokuwa msalani niliwasomea nje ya mlango. Nilimwambia mwangalizi wa jengo kwamba spea yake sasa itakuja kwa gari la serikali. Loo, nilivyoringa wiki ile! Sipendi kukumbuka.

Siku ya tatu nilikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo mchana nilikuwepo. Nikasikia watu wanapanda ngazi wakihema. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, wenye vitambulisho shingoni, jasho limewalowesha. Nikafurahi kweli. Nilifikiri, vizuri, pandeni, zionjeni hizo ngazi, mtaitengeneza leo leo. Nikawafungulia mlango kabla hawajagonga, nikawaletea maji baridi, nikawavutia viti. Nikawaambia karibuni, lifti iko upande ule.

Mwanamke yule akashukuru, akanywa, akafungua tableti yake. Alikuwa mstaarabu. Kwenye tableti kulikuwa na karatasi yangu. Mistari yangu ya rula ilionekana imenyooka vizuri sana.

"Wewe ni namba ngapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia namba sita, chumba cha pili B. Nilimjibu haraka, kama mwanafunzi anayejua hesabu. Ndipo mwenzake mmoja akaenda kwenye ukuta wa plaiwudi akaugonga kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, akaandika. Akaenda kwa wa pili, ngo, ngo, akaandika. Mwingine akafungua stoo ya jikoni, akaona godoro la Mganda na nguo zake za saluni zimetundikwa msumarini. Kila walichokitafuta walikuta kimeandikwa, na mahali kilipo. Hawakuhitaji kuuliza swali hata moja la pili.

"Madam," nikasema, "na lifti?"

"Lifti ni idara nyingine, sisi ni wakaguzi wa makazi," akasema. Kisha akasoma jina la kwanza kwenye orodha, kwa sauti, akauliza mwenye flati yuko wapi. Bi Mkubwa akaitika kutoka chumbani kwake. Alisikia jina lake likisomwa kutoka kwenye karatasi niliyomwambia imeandikwa lifti. Mimi nilikuwa nimesimama pale katikati, jagi la maji mkononi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Miezi minne hawakuweza kuleta spea ya lifti, lakini barua ya plaiwudi ilifika kesho yake, imepigwa muhuri, imebandikwa mlangoni kwa gundi nzuri. Kuta zing'olewe, wasiosajiliwa waondoke. Na yule wakala wa mwenye jengo, bubu wa miezi minne, akapata sauti ghafla: mkataba wa Bi Mkubwa umevunjika kwa sababu amepangisha watu, na yeye pia atoke. Alimpigia simu mwenyewe. Kumbe simu yake ilikuwa nzima siku zote, mbwa yule.

Nilitaka wenzangu wanitukane, lakini hakuna aliyenitukana. Wa Morogoro alilia, akasema ni yeye aliyeleta balozi wa nyumba kumi kwenye mji usio wake. Mganda ndiye aliyefunga mizigo wa kwanza. Alipopita mbele yangu na begi lake akasema, "Nilikuuliza." Neno moja hilo tu, na bado nalisikia nikiwa nimesimama pale dukani.

Binti wa dada akakubali kumchukua Bi Mkubwa, Bur Dubai, alale chumba kimoja na dadake. Mwanawe wa Maskati naye akapiga simu, akasema ni jambo jema, wazee watakaa pamoja. Ni rahisi kuona jema ukiwa Maskati.

Jumamosi ikafika. Nguo zake na sanduku tulishavishusha. Flati ilikuwa imebaki na alama za plaiwudi sakafuni, na yeye ameketi katikati ya sebule kwenye kiti cha plastiki, buibui limepigwa pasi na wa Morogoro, harufu ya udi inatoka nguoni. Mganda alikuwa amerudi. Sikumwita, lakini tuliobaki tulikuwa watatu, na alijua tutahitaji mtu wa nne.

Nikapiga magoti mbele ya Bi Mkubwa, nikamwamkia. "Marahaba," akasema. Niliogopa kumwambia kile alichokuwa akikijua.

"Haya," akasema mwenyewe. "Nibebeni."

Tukamfunga kiunoni na kanga asiteleze, tukashika miguu ya kiti, wawili mbele, wawili nyuma. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Ghorofa ya tatu milango ikafunguliwa, watu wakachungulia, kama alivyosema. Akashusha ushungi mpaka machoni. Ghorofa ya pili tulipumzika, na yule Mhindi wa heshima akatoka, akaona, akavua miwani, akasogeza viatu vyake njiani tusijikwae. Mimi nilikuwa mbele upande wa kulia, na mkono wake ulikuwa umenishika bega, na kila nilipoyumba aliubana. Chini, tangazo la Siku ya Wakazi bado lilikuwa kwenye mlango wa lifti. Ile familia bado inacheka. Nilitamani kulichana lakini mikono yote ilikuwa na kazi.

Teksi ilitaka kupita njia ya chini ya maji, na safari hii hakubisha. Hakumuuliza dereva kama yeye ni panya.

Bur Dubai kuna lifti nzima, yenye kioo na sauti ya kike inayotaja ghorofa. Tulimpandisha akiwa amesimama kwa miguu yake, ameshika mkongojo. Dadake alikuwa amelala ubavu akitazama mlango. Alipomwona, upande mmoja wa uso wake ukacheka na mwingine ukabaki vile vile. Bi Mkubwa akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akauweka shavuni. Walikaa hivyo, na sisi wanne tukasimama ukutani hatujui tuangalie wapi. Wa Morogoro alikuwa akilia tena. Mimi nilijiambia, angalau hili. Angalau amefika.

Hapo ndipo simu yangu ikalia mfukoni. Ujumbe, na uso wake unaocheka. Ombi lako kuhusu lifti limefungwa, kwa kuwa mwombaji haishi tena kwenye jengo hilo. Tafadhali tupe alama kwa huduma uliyopata.

Bi Mkubwa akageuka. "Nani hao?"

"Wale wa ofisi, Bi Mkubwa."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ombi limekwisha."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuuacha mkono wa dadake. Akanitazama, si kwa hasira, ningependa iwe hasira, ningejua pa kuiweka. Akasema kwa ile sauti yake ya kufundisha mtu kuamkia:

"Mwanangu, lile jani. Uliandika kwenda. Ungeandika na kurudi."

Mimi, niliyekuwa na jibu la kila mtu, wa skafu, wa meza namba nne, Mhindi, Mganda, mwangalizi na wakala, nilisema shikamoo tena.

"Marahaba," akasema, akamgeukia dadake.